Ile karatasi tuliyosaini Jumamosi

Mama Zuwena: Jamani mliokuwepo kikao cha Jumamosi chini ya mwembe, ile karatasi tuliyosaini juu ilikuwa imeandikwa nini? Mi niliambiwa mahudhurio, nikaweka jina na namba ya simu nikapewa elfu tano yangu na soda nikawahi nyumbani

Shabani Fundi: Mahudhurio mama, hata mi nimesaini hivyohivyo

Mwalimu Halima: Sio mahudhurio. Nimepata nakala nimeipiga picha, vuteni muone hapo juu kabisa

Mwalimu Halima: [picha]

Shabani Fundi: "Orodha ya wananchi walioridhia mradi wa machimbo ya kokoto". Haa! Wallahi haya maneno Jumamosi hayakuwepo, karatasi ilianzia kwenye namba 1

Mama Zuwena: Mungu wangu. Na nyumba yangu ndo ya kwanza kutoka kilimani

Mwalimu Halima: Ndo maana hao wa mradi wanazitaka sahihi zetu. Sheria ya Madini ya 2010 kifungu cha 95 inasema mwenye leseni haruhusiwi kuchimba ndani ya mita 200 toka nyumba wanayoishi watu mpaka mwenye kuishi pale aridhie kwa maandishi, sasa jana jioni mimi na vijana wa darasa la saba tumechukua ile kamba ya michezo ya mita 50 tukapima toka zile bikoni, alama za mpaka wa machimbo walizochimbia chini ya kilima mpaka ukuta wa choo cha Mama Zuwena, kamba mbili na nusu na kidogo, yaani mita 130 hazifiki. Kwa mzee Mfaume kamba tatu. Bila hizo sahihi hawasogei kirahisi

Idi Boda: Shikamooni wakubwa. Nauliza tu msinielewe vibaya, vijana hapa kazi hatuna, kokoto zikianza si tutapata hata vibarua? Wenzetu Lugoba magari yanapakia usiku kucha

Babu Mfaume: Marahaba Idi. Nakujibu kwa upole mjukuu wangu maana njaa naijua. Mimi nimegonga kokoto Kunduchi kwa nyundo wewe hujazaliwa, jiwe likishalipuliwa tunakaa chini ya maturubai sisi na mama zenu tunagonga ndoo kwa ndoo, kazi ilikuwepo sikatai. Hawa wanaokuja wanaleta krasha, lile dude linameza jiwe huku linatema kokoto kule, linataka mwendeshaji na wasaidizi wachache basi, nyie wengine mtabaki kuhesabu matipa. Na huko upande wa Lugoba anaishi dada yangu mdogo, nilikwenda kumtazama mwaka jana, fataki zikilia mchana vyombo vinacheza kabatini, ukuta wa chumbani kwake ufa umeanzia kona ya dirisha umepanda mpaka kwenye linta, amechomeka vipande vya kanga nge wasipite. Mchicha anauosha maji matatu na bado unakwaruza meno

Rehema Zahanati: Naongezea hapo kwenye vumbi. La mawe sio kama la barabarani, lina chembechembe za silika ambazo jicho haliwezi kuziona, zinaingia ndani kabisa ya mapafu zinaacha makovu na makovu hayo hayaponi, alafu mtu mwenye mapafu ya hivyo kifua kikuu kinampata kirahisi. Na watoto wetu shule wanapita njia hiyohiyo

Idi Boda: Nimekuelewa babu. Na kisima je? Maji ya bomba ya Wami yakikatika wote tunakimbilia pale

Mwalimu Halima: Hayo yote yanatakiwa yaandikwe kwenye tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi haujaanza, Sheria ya Mazingira ya 2004 ndo inavyotaka, na sisi tuhojiwe. Nani humu kahojiwa?

Mama Zuwena: Mimi sijaulizwa kitu zaidi ya namba ya simu

Shabani Fundi: Wala mi

Zuwena wa Dar: Mama angalia namba 31. Wameandika jina la bibi alafu pembeni kuna sahihi imekunjwa vizuri kama ya karani. Bibi toka lini anajua kuandika??

Mama Zuwena: Eeeh! Tena Jumamosi mama mkwe hakutoka ndani, miguu ilikuwa imevimba mi mwenyewe nilimwachia uji kitandani. Hela za TASAF za kaya maskini miaka yote anapokea kwa dole gumba

Mwalimu Halima: Basi tunaanza na hilo. Tunaandika barua mbili, ya kwanza kila aliyesaini anafuta ridhaa yake kwa jina na anaeleza aliambiwa ile karatasi ni ya nini, ya pili tunadai mkutano mkuu wa kijiji, sio kikao cha mwembeni, na muhtasari usomwe mbele yetu sote. Nakala kwa mkuu wa wilaya, NEMC wanaosimamia mazingira, na afisa madini mkazi. Kesho saa kumi jioni nyumbani kwangu

Idi Boda: Wazee nawabeba bure, nipigieni tu. Na mimi ni namba 12 hapo, nataka kufuta

Babu Mfaume: Kesho kila mtu asome kabla hajaandika. Asiyejua kusoma asomewe mara mbili na mtu wa nyumbani kwake

Mama Zuwena: Mama mkwe nimeshamwambia. Anasema atakuja hata kwa kubebwa, na mwalimu ununue wino mpya wa dole, ule wa shule umekauka