Laivu za kubeti: kabla ya kuzifunga, tuulize hela inayochezwa ni ya nani

Mwana Ngamiani (mwanzisha mada)

Wadau wa Tanga na kwingineko, habari za jioni. Mtaani kwetu kumeibuka ubishi. Wako wanaotaka serikali iibane TikTok na wenzake mpaka laivu zote za kubeti zitoweke, hasa zile za kandege. Wako wanaosema hiyo ni roho mbaya, vijana wamejitafutia ajira yao, waachwe. Mimi sijakaa upande wowote moja kwa moja. Nitaeleza, kisha mnipige mawe.

Kwa asiyeujua mchezo: kwenye Aviator, ambayo ndiyo hiyo kandege, kindege kinapaa na namba inapanda nacho kuanzia 1.00. Umeweka 1,000, ukabonyeza kutoa namba ikiwa 2.30, unachukua 2,300. Kikiondoka hujabonyeza, umeliwa. Raundi nyingine inaisha hata hujakohoa. Ndiyo maana unapendwa kwenye laivu: hakuna dakika tisini za kusubiri wala refa wa kumlaumu.

Juzi nilikaa kijiwe cha bodaboda karibu na soko la Mgandini. Simu imebanwa kwenye usukani wa pikipiki, vijana wameinama mbele yake, jamaa wa laivu anapiga kelele "toa, toa, toa wanangu!" Salio lake pale juu lilikuwa milioni nne na ushee. Akaliwa laki tano, akacheka. Akaliwa nyingine, akacheka tena. Baada ya muda salio likasoma milioni tano, na yeye anaendelea kupiga stori kama hakuna kilichotokea. Kijana mmoja pale kijiweni, macho makali, akauliza: "Mbona meseji ya muamala haijaingia?" Wote tunajua, ukihamisha hela kutoka kwenye simu kwenda akaunti ya kubeti, meseji inashuka hapo hapo. Huyu anarusha kioo chake kizima. Taarifa za WhatsApp zinashuka tunaziona, za TikTok zinashuka, ya hela hakuna.

Inawezekana ana simu ya pili. Inawezekana pia ile hela ameijazia kampuni ili acheze mbele za watu, na jambo hilo si geni kwenye biashara hii duniani. Hoja yangu ni kwamba mtazamaji hana namna ya kujua, na hapo ndipo anapopigwa. Anaona mtu anapoteza laki tano huku anacheka, anaona kupoteza ni jambo dogo, naye anaingiza elfu tano ya mafuta ya pikipiki.

Halafu kuna promo kodi, neno unalojaza unapojisajili ili kampuni ijue nani kakuleta. "Jisajili kwa kodi yangu upate bonasi." Mikataba ya aina hii iko ya namna kuu mbili: mtangazaji analipwa kwa kila kichwa kilichojisajili na kuweka hela, au anakula asilimia ya kile kilichobaki kwa kampuni kutoka kwa watu aliowaleta. Na kilichobaki kwa kampuni ni kile mlicholiwa ninyi. Kwa mkataba wa namna ya pili, anayekuita "mwanangu" usiku kucha anakula zaidi siku ambayo wewe umelala njaa.

Wanaosema tufunge tu, waangalie Twitch, mtandao wa laivu unaomilikiwa na Amazon. Agosti 2021 walikataza viungo na promo kodi za kupeleka watu kwenye tovuti za michezo ya kasino ya sloti, ruleti na dadu. Promo kodi zikapungua, laivu zikabaki. Septemba 2022 mtangazaji mmoja wa Uingereza akakiri amekopa watu hela nyingi kwa uongo akaziteketeza kwenye kamari, watangazaji wakubwa wakatishia kugoma, na ndani ya siku chache Twitch wakatangaza marufuku iliyoanza Oktoba 18. Wakataja tovuti kwa majina, Stake na Roobet zikiwemo. Kilichofuata? Waanzilishi wa Stake wakajenga mtandao wao wa laivu, Kick, unaomwachia mtangazaji asilimia 95 ya hela za wanachama wake. Juni 2023 xQc, mmoja wa vinara wa Twitch, akasaini nao mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 70, unaoweza kufika milioni 100.

Jambo la pili kuhusu ile marufuku, ambalo wengi hawalisemi: haikugusa kamari yote. Mikeka ya michezo na poka viliachwa. Iligusa tovuti za sloti, ruleti na dadu zisizo na leseni Marekani au kwenye nchi nyingine yenye ulinzi wa kutosha kwa mteja. Sasa ilete hapa. Kandege hapa kwetu kako kwenye makampuni yenye leseni halali ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, yanalipa kodi. Ukinakili kanuni ya Twitch neno kwa neno, pale Mgandini hakibadiliki kitu.

Kwa hiyo mimi ningeanzia kwingine. Mtangazaji aonyeshe kwenye kioo, muda wote, kama hela ni yake au ya kampuni. Na malipo ya asilimia kutokana na hasara ya watazamaji yapigwe marufuku kabisa. Hayo mawili yakishika, laivu nyingi zitajifunga zenyewe. Karibuni.

Mama wa Chumbageni

Wewe mwanangu una maneno mazuri lakini unatuzungusha. Kijana wangu yuko kidato cha pili. Hana laini, hana akaunti ya kubeti, anatumia simu yangu. Sheria inasema miaka kumi na minane, sawa, nani anamuuliza umri anapoangalia? TikTok tangu mwishoni mwa 2022 wanataka anayerusha laivu awe na miaka 18, lakini anayetazama anaruhusiwa kuwa mdogo. Mtoto ameshajua kusema "odi", yaani dau linazidishwa mara ngapi, kabla ya kujua kutafuta asilimia. Hela ya tuisheni ilipopotea aliniambia alimpa rafiki yake amrushie kandege. Mimi nataka zifungwe. Hiyo hela ya nani hainihusu.

Kijana wa Duga

Shikamoo mama. Na wewe mkuu mwanzisha mada, heshima yako.

Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili, ila sirushi kandege, mimi ni mikeka ya mpira tu. Naingia laivu saa mbili usiku, nachambua mechi, watu wananitumia gifti, zile zawadi za TikTok zinazogeuka hela, maisha yanasogea. Nina diploma, nimezunguka na bahasha mpaka viatu vikaisha soli. Nani alinipigia simu?

Swali langu ni moja. Mwaka 2017 SportPesa walisaini na Simba na Yanga kwa mpigo. Tangu hapo mtoto wa darasa la tatu anavaa jezi yenye jina la kampuni ya kubeti kifuani, anaenda nayo mpaka madrasa. Redio asubuhi ni kubeti. Mabango ni kubeti. Hapo hamkufungua mada. Amekuja mtoto wa Duga na simu yenye kioo kilichopasuka, ndiyo mmeona hatari? Fungeni yote basi, kuanzia uwanja wa Mkwakwani.

Na mkifunga TikTok tunahamia Telegram, ambako huyo mwenye macho makali hatauliza chochote, kwa sababu tutatuma picha za mikeka iliyoshinda tu.

Mwana Ngamiani

Mdogo wangu wa Duga, umejisemea mwenyewe: mikeka iliyoshinda tu. Iliyochanika inaenda wapi?

Kuhusu jezi uko sahihi na sina la kupinga. Tofauti ninayoiona ni kwamba jezi haikuambii "weka sasa hivi, hii inafika kumi". Bango la barabarani halikujui jina. Wewe ukiwa laivu unamtaja mtu kwa jina lake, "nakuona, mzee wa Makorora, leo mbona kimya, ingia". Hiyo nguvu redio haina. Lakini wakiamua kufuta na majina kifuani, sitaandamana.

Ustadh wa Barabara ya 8

Assalaam alaykum. Ndugu zangu, sura ya Al-Maida aya ya 90 imeshamaliza kazi, pombe na kamari vimetajwa pamoja. Ninyi mnajadili sumu itiwe kwenye kikombe cha rangi gani.

Mwana Ngamiani

Waalaykum salaam, shehe wangu. Kwa Muislamu umemaliza. Ila nchi inatoa leseni na kukusanya kodi humo humo tangu sheria ya 2003, na anayeinama mbele ya ile simu Mgandini ni wa dini zote. Huyo naye anahitaji jibu kesho asubuhi.

Mwalimu wa Hesabu

Naomba niongeze kidogo, kwa sababu kila nikisikia watu wakisema "kandege kana muda wake wa kutema" nachoka.

Watengenezaji wenyewe wanasema Aviator inarudisha asilimia 97 kwa wastani. Vijana wanasikia 97 wanafurahi, kumbe ni 97 ya kila ulichoweka, kila unapoweka. Chukua 10,000. Unachopata unakirudisha chote, raundi baada ya raundi. Zidisha 0.97 kwa 0.97 mara hamsini, inabaki 0.22 hivi. Kwa wastani elfu kumi imekuwa elfu mbili na mia mbili, na raundi hamsini hazimalizi saa moja na nusu. Hakuna aliyekuibia, hakuna mtambo ulioharibika. Ndivyo ulivyotengenezwa.

La pili, hizo programu za "kutabiri" kandege zinazouzwa kwenye laivu ni wizi mtupu. Namba ambayo kandege kanaondokea inatokana na namba ya siri ya seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau. Kabla hawajaweka, hata seva yenyewe haina jibu kamili, sembuse programu ya elfu kumi na tano uliyotumiwa WhatsApp. Hili halina ubishi wa ajira wala uhuru. Anayeuza kitabiri apelekwe polisi. Ni utapeli kama utapeli mwingine, sheria zipo.

Mama wa Chumbageni

Mwalimu, hayo umewahi kuwafundisha darasani? Maana shule wanafundishwa embe za Juma na Asha.

Mwalimu wa Hesabu

Mama, wiki ijayo naanza. Embe zitasubiri.

Mgosi aliyeko Mombasa

Wagosi, salamu kutoka huku. Kenya Aprili 2025 walisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, redio, TV, mitandao, kila mahali. Ila fikirieni jambo hili: laivu haisimami mpakani Horohoro kugonga pasi. Jamaa yuko Nairobi anazungumza Kiswahili, kijiwe cha Tanga kinamsikiliza kama yuko Kisosora. Mkibana wenu, watu watasikiliza wa kwetu. YouTube Machi 2025 walikataza kuwapeleka watazamaji kwenye tovuti za kamari ambazo Google haijaziidhinisha, hata kuzitaja kwa mdomo, na angalau kanuni yao inafika pande zote mbili za mpaka. Nchi moja moja mtachoka.

Mwana Ngamiani

Mgosi, hapo umenipa nafasi ya kusema ambacho sikukieleza vizuri mwanzo. Siwezi kumkamata mtangazaji aliyeko Nairobi, na TikTok haitanisikiliza mimi. Lakini promo kodi anayoigawa, ili imfae mtu wa Mgandini, lazima iwe ya kampuni inayopokea hela kupitia mitandao yetu ya simu, na kampuni hiyo ina leseni ya hapa. Anayelipa kamisheni ndiye wa kubanwa. Bodi iweke kwenye masharti ya leseni: ukikutwa unamlipa mtu asilimia ya hasara ya wateja, au unamjazia salio la maonyesho bila kusema, leseni iko mashakani. Hakuna haja ya kukimbizana na vijana wenye simu zilizopasuka kioo.

Mama, najua hili halimzuii mwanao kutazama kesho. Kwa hilo nakubaliana nawe, laivu yoyote ya kubeti iwekwe kwa watu wazima tu. TikTok tayari wana kitufe hicho, mtangazaji anakiwasha mwenyewe. Iwe lazima.

Mdogo wangu wa Duga, wewe uko ndani. Sharti la kuonyesha hela ni ya nani, unalikubali?

Kijana wa Duga

La kuonyesha nakubali, mimi mikeka yangu naweka hela yangu. La watu wazima nakubali pia, kwa heshima ya mama.

La asilimia hapana. Gifti zinalipa bando na kula, kodi ya nyumba inatoka kwenye asilimia.

Mama wa Chumbageni

Asilimia ya hasara ya nani, mwanangu?

Kijana wa Duga

Mama, mimi silazimishi mtu.