Tupeane uzoefu: usalama wa familia nyumbani hapa Dodoma, nini kimewahi kuwaokoa?

Baba wa wawili, Nzuguni

Mbukwenyi wakuu. Juzi tulikaa majirani hapa mtaani tukaanza kuongelea wezi wa betri za gari, mara stori ikahama, kumbe kila mtu ana tukio lake la hatari nyumbani na mengi wala mwizi hayumo. Ni mkaa, gesi, soketi, chupa ya mafuta ya taa. Na sisi watu wa huku ukishapandisha boma tu hela ya kwanza inaenda kwenye grili, geti na kufuli kubwa, alafu tunalala kwa amani, kumbe tumejifungia na hatari yenyewe ndani.

Naomba kila mtu atupe yake, nini kilitokea, mlifanyaje, saivi mnafanyaje. Ushauri wa jumla jumla tunao tayari.

Naanza. Tulipokuwa tunapanga Chang'ombe umeme ulikatika jioni, ukarudi usiku wa manane kwa nguvu, soketi ya friji ikaanza kutoa moshi wakati sisi tumelala. Mke wangu ndo alisikia harufu ya plastiki, akakimbilia meni swichi akazima, mimi nikawabeba watoto. Sasa mlango una kufuli kwa ndani, giza, moshi, unadhani ungeupata ufunguo? Tuliupata coz mama mkwe alipokuja kutusalimia alipiga msumari pembeni ya mlango akasema ufunguo usiku unakaa hapa, sio kwenye suruali ya mtu wala juu ya kabati. Nilimwona mkorofi kipindi kile. Nilipojenga nikamwambia fundi wa kuchomelea kila chumba cha kulala dirisha moja liwe na grili ya bawaba, inayofunguka kwa komeo la ndani bila ufunguo. Akacheka, akasema bosi unamrahisishia mwizi. Nikamwambia komeo liweke mbali mkono wa mtu wa nje usifike. Watoto wanajua kulifungua, tunawajaribu taa zikiwa zimezimwa. Namba ya Zimamoto ni 114, ya polisi 112, zote nimeziandika ukutani kwa maka peni.

Nesi wa Makole

Asante kwa uzi kaka. Mimi nitasema la mkaa tu maana ndo linaniuma kuliko yote.

Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, ule upepo wa usiku. Mtu akitoka Dar na vinguo vyake vyepesi siku ya kwanza tu anaomba jiko liingizwe chumbani. Shemeji yangu alikuja na mwanae, wakapewa chumba, wakaingiza jiko la mkaa lililobaki na makaa mekundu, wakafunga dirisha na pazia zito. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndo unawadanganya watu, wanasema si umeshakolea hauna shida. Unatoa hewa ya kabonimonoksaidi, haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu nafasi ya oksijeni, na mtu anazidi kusinzia badala ya kushtuka. Mtoto alitapika, mama yake akaja kunigongea anayumba anasema kichwa kinapasuka, akadhani ni chakula. Nikamuuliza na wewe kinauma? Akasema ndio. Watu wawili chumba kimoja kichwa kinauma kwa wakati mmoja na jiko limo humo, sikuuliza la tatu, nikafungua milango yote tukatoka nje tukaenda hospitali wakawekewa oksijeni. Wako wazima.

Usiku jiko langu linabaki nje. Mgeni akilalamika baridi namuongezea blanketi, akinuna anune.

Boda wa Kisasa

Mimi nabeba watoto wa shule asubuhi na mchana, wazazi wameniamini, kwa hiyo naongea ninachokiona. Kuna familia moja wana neno la siri na mtoto wao wa darasa la pili. Siku moja nilipata pancha nikachelewa, akaja jamaa na pikipiki shuleni akamwambia mtoto mama yako kalazwa kanituma nikufuate. Mtoto akamuuliza mbuzi wa bibi anaitwaje? Jamaa akasema acha utani panda. Mtoto akarudi zake kwa mwalimu wa zamu. Mpaka leo hatujui alikuwa nani, alipoona mwalimu anakuja akawasha pikipiki akasepa.

Mi mwenyewe sasa yule mama akimtuma mtu mwingine lazima ajue jina la mbuzi. Na wazazi jamani, majina ya watoto makubwa mgongoni mwa begi ya nini? Mtu asiyemjua anamwita kwa jina, mtoto anajua huyu ni mjomba. Andikeni ndani ya begi.

Dada K, Miyuji

Hahaha mbuzi wa bibi, leo naenda kumuuliza wangu. Kuongezea tu, mkihisi mtoto anafanyiwa mambo mabaya na hamjui pa kuanzia kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, ni ya bure.

Mjukuu wa Mpwapwa

Usalama na kwenye simu pia wakuu. Bibi yangu yuko kijijini alipigiwa, mtu analia kabisa, "bibi ni mimi mjukuu wako nimepata ajali, simu yangu imeharibika naongea na ya daktari, tuma laki mbili nishonwe". Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" bibi alishaizoea anacheka tu, ila sauti inayolia ni kitu kingine. Kilichomuokoa ni kwamba wakala wa pale kwenye kona ni kijana wa kwao, akamwambia bibi kabla hujatuma mpigie kwanza kwenye namba unayoijua. Akanipigia, niko zangu Soko la Sabasaba nachagua nyanya.

Sasa familia yetu tumekubaliana, hela ya dharura haitumwi mpaka aliyepata shida au mtu wa tatu wa ukoo apigiwe kwa namba ya zamani. Namba za matapeli tunazituma 15040. Na piga *106# uangalie namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kuna mjomba alikuta namba asizozijua kabisa.

Mama Ntilie Majengo

Gesi. Mtungi unanuka, dada yangu wa kazi alitaka kuwasha taa aone vizuri. Nilimpigia kelele mpaka jirani akaja. Usiguse swichi, hata kuzima usizime, cheche ni ile ile. Funga regyuleta, fungua mlango, na ufungue mlango hasa, sio kidirisha cha juu, maana hii gesi ni nzito kuliko hewa inatambaa chini. Mpira nauangalia kwa povu la sabuni, ukiona mapovu yanajaa badilisha. Mtu anayeangalia kwa kiberiti namuomba asije kwangu.

Mzee wa Bahi

Huku kwetu wanangu shida ni nge na nyoka, hasa mvua zikianza. Viatu kung'uta, kuni usichukue kwa mkono gizani, kitanda kisogeze mbali na ukuta na chandarua chomeka chini ya godoro. Chooni nenda na tochi. Mwaka juzi mjukuu aligongwa na nyoka mguuni, tukafunga kamba juu ya jeraha na jiwe jeusi tukaliweka, akapona.

Nesi wa Makole

Shikamoo babu. Naomba nikupinge kwa heshima. Nyoka wengine hawana sumu na wenye sumu mara nyingine hugonga bila kuitoa, ndo maana jiwe linaonekana limeponya. Kamba inakata damu, nimeona mguu umeharibika kwa kamba kuliko kwa nyoka. Msichanje, msinyonye. Mlazeni, mguu usitikisike, vueni pete na cheni kabla hajavimba, mumkimbize hospitali, na msipoteze muda kumsaka nyoka.

Mzee wa Bahi

Marahaba mwanangu. Kamba nimekuelewa. Jiwe tutaongea.

Fundi AC, Ilazo

Mtoto akinywa mafuta ya taa anapewa maziwa au anatapishwa kwanza? Maana kwetu tuliambiwa apewe mafuta ya kula ili atapike.

Nesi wa Makole

Usimtapishe kabisa!! Yakipanda tena yanaingia kwenye mapafu, na mapafu ndo yanayoua hapo. Usimpe kitu, nenda naye hospitali na chupa mkononi. Na mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya kunywa jamani tuache, mtoto mwenye kiu anajuaje?

Mama Ilazo

Yangu ni ya mwizi, samahani mwenye uzi. Ilazo nyumba nyingi ni za watumishi waliohamia, asubuhi wanaenda Mtumba kwenye ofisi za serikali wanarudi usiku, jirani humjui hata sura. Mwezi wa kumi na mbili mwenye nyumba ya pili kutoka kwangu kasafiri, mchana kweupe inakuja Canter, vijana wanne wana ovaroli safi, wanatoa friji, kapeti, wanaongea kwa sauti wanacheka. Wote tukajua anahama, mimi mwenyewe nikawapa maji ya kunywa. Akapita balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mmoja, akawasalimia vizuri, akauliza mwenye nyumba anaitwa nani. Mmoja akasema bosi. Mzee akasema najua ni bosi, nauliza jina. Wakaangaliana. Akatoa simu taratibu akaanza kuitafuta namba, na kila akibonyeza wale wanasogea kwenye gari, mwisho wakaondoka na kapeti tu, friji wameiacha barazani.

Tukafungua grupu la WhatsApp la mtaa ila sheria yake ni moja, hakuna kurusha video za vichekesho humo, maana la kwanza lilikufa hivyo. Ukisafiri unawaambia balozi na majirani wawili, sio kuweka status uko Zanzibar. Na mwenye friji, ambaye tulikuwa hatumjui hata jina, saivi ndo mweka hazina wa ulinzi shirikishi, anadai michango mpaka usiku.