Koti la baridi lenye kofia, huko uliko wanaliitaje? Tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Hili jambo limenitesa ndo maana nauliza. Nilipofika Japan niliingia dukani nataka lile koti zito la baridi lenye kofia, nikasema "paakaa" nikijua parka ni parka dunia nzima, yule dada akanipeleka moja kwa moja kwenye mahudi ya pamba. Nikahisi nimetamka vibaya, nikarudia, akaniletea hudi la rangi nyingine. Kumbe kwao paakaa ndo hudi lenyewe, koti la kujazwa manyoya ni "daun jaketto". Nikaondoka na hudi na wiki ileile theluji ikaanguka. Taja jina, ila sema na koti lenyewe likoje, maana jina tupu halimzuii mtu kutetemeka.

Pole sana mkuu. Huku Urusi ni pukhovik, na limetokana na pukh, yale manyoya laini kabisa ya bata yaliyo chini ya manyoya ya juu. Ukitaja hilo hakuna wa kukupa hudi.

Norway wanaita boblejakke, kama kusema jaketi la mapovu, na ukiliangalia ni kweli, limeshonwa mistari mistari na kila kipande kimefura. Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa humo ndani, manyoya kazi yake ni kuishika tu isitoke. Mimi nililifua la kwangu nikalianika ndani, baada ya siku mbili nikalishika nikakuta mabonge kama ya unga ulioloa na katikati hakuna kitu, ukilinyanyua kwenye mwanga unaona mpaka ng'ambo. Nililia jamani maana ndo koti pekee nililokuwa nalo. Jirani akaniambia weka kwenye mashine ya kukaushia, moto mdogo, tupia na mipira ya tenisi mitatu safi iwe inayapiga yale mabonge. Ilichukua karibu mchana mzima, kila baada ya muda nalitoa nayachambua kwa vidole, nalirudisha. Likafura tena. Msilitoe kabla halijakauka kabisa, litanuka.

Asante kwa hiyo ya mipira, nalifanyia kazi leo leo.

Uingereza wanasema parka, wanasema na anorak, japo anorak kwa kawaida ni jepesi zaidi, la upepo na mvua. Neno lenyewe limetoka Greenland, kule wanaandika annoraaq. Ila kuna maana nyingine muijue, siku moja kazini nikasikia mtu anaitwa anorak nikageuka kutafuta koti, silioni. Kumbe ni mtu aliyezama kwenye jambo moja mpaka anajua kila kitu chake, kama wale wanaosimama stesheni kuandika namba za treni.

Italia ukisikia montgomery usishangae, ni lile koti la sufu lenye kofia na vifungo virefu vya mbao vinavyoingia kwenye vitanzi, wameliita kwa jenerali Bernard Montgomery wa Uingereza aliyekuwa akilivaa kwenye Vita Kuu ya Pili. Waingereza wenyewe wanaita duffle coat, kutokana na mji wa Duffel huko Ubelgiji. Zuri sana ila mvua ikilikamata linakuwa zito balaa.

Chile: parka. Argentina: campera. Ufaransa lile la kufura ni doudoune.

Mimi niko Canada, huku ni parka basi. Lakini nililolipenda kuliko yote ni la akina mama wa Kiinuit, wenyeji wa kule kaskazini kwenye barafu, linaitwa amauti. Niliona moja kwa karibu, mgongoni lina mfuko umeshonwa humohumo, mtoto anakaa ndani karibu na mwili wa mama, halafu kofia ni kubwa inawafunika wote wawili. Mtoto alikuwa amelala, kinachoonekana ni pua tu. Pia ule ukingo wa manyoya kwenye kofia usiudharau ukadhani ni urembo, unavunja upepo kabla haujafika usoni, mimi niliuchomoa wa kwangu mwaka wa kwanza na mashavu yakanikoma.

Korea Kusini: "paeding", na lile refu mpaka kwenye vigimbi ni "rong paeding". Wanafunzi wengi wanalo.

Mleta mada hapa, mwaka huu nimesema daun jaketto na nimelipata, nimesoma na lebo ya ndani kwanza. Wa Korea, hilo refu unakaaje nalo kwenye basi?

Lina zipu ya njia mbili mkuu. Kabla hujakaa unaipandisha ile ya chini mpaka usawa wa mapaja, linaachia. Usipofanya hivyo meno ya zipu yanapasukia kwa chini, la kwangu limeharibika hivyohivyo.