Nakaa jirani na viwanda vya mafuta Texas, sasa kwa nini naambiwa kimbunga kikija sheli zitakauka?

Mgeni wa Pasadena:
Habari zenu wakuu. Mimi bado mgeni huku, nina miezi saba tu tangu nitoke Kigamboni, nimefikia Pasadena pembeni ya Houston na napiga kazi ya kupeleka chakula kwa gari. Kwa msiopajua, Pasadena ni viwanda vya kusafisha mafuta kushoto kulia, usiku ukitoka nje unaona miali ya moto juu ya minara na kuna siku harufu inaingia mpaka chumbani. Kigamboni nimezoea kuona matenki ya mafuta lakini hapa ni mji mzima wa matenki.

Sasa tarehe 1 Juni jamaa ninayekaa naye, Mkenya, kaniambia msimu wa vimbunga umeanza, kuanzia leo mpaka 30 Novemba tenki la gari lisishuke chini ya nusu. Nikamwambia bro mafuta si yanatengenezwa hapo ng'ambo ya barabara, yataishaje? Akacheka akaenda zake kulala. Hebu nieleweshwe, mafuta yanaishaje kwenye mji unaoyatengeneza, na bei inapandaje wakati mafuta ghafi yapo kibao? Halafu bro wangu Dar anauliza kimbunga kikipiga huku na wao bei itapanda au ni stori za vijiweni.

Mzee wa I-45:
Karibu kijana, na huyo Mkenya msikilize. Mimi nilikuwa Houston Septemba 2005. Katrina imepiga Louisiana tarehe 29 Agosti, New Orleans imezama tunaangalia kwenye TV watu wako juu ya mapaa, hata mwezi haujaisha wanatangaza Rita inakuja kwetu. Nani angebaki? Watu zaidi ya milioni mbili wakaingia barabarani kwa mpigo.

Sisi tuliondoka Alhamisi alfajiri, mimi, wife na watoto wawili, tenki robo tatu, najua Dallas ni masaa manne. Saa kumi jioni hatujafika hata Conroe, ambako siku ya kawaida ni dakika arobaini na tano. Nimezima AC kubana mafuta, joto la Texas unalijua, mtoto mdogo anatapika. Sheli ya kwanza giza, ya pili vishikio vya pampu vimevishwa mifuko ya plastiki, ya tatu kuna askari anarudisha watu. Magari yamekufa pembeni mpaka macho yanaishia. Ikabidi tuwe tunazima gari, foleni ikisogea mimi na jirani wa nyuma tunashuka tunasukuma, wife kakamata usukani. Huyo jirani alikuwa Mmexico, usiku akanipa kama galoni moja kwenye chupa za maji, hela kakataa katakata. Dallas tumeingia kesho yake mchana.

Na Rita yenyewe ikapinda, ikaenda kupiga mpakani na Louisiana, nyumba yangu haikung'oka hata kigae kimoja. Kwa hiyo unaona, mafuta yalikuwepo kwenye matenki, tatizo kila mtu kajaza siku moja na lori la kuja kuongeza limekwama kwenye foleni ileile tuliyokwama sisi.

Fundi wa Beaumont:
Mzee kaeleza upande wa barabarani, acha nieleze upande wa kiwandani maana ndio ugali wangu, nafanya kontrakti za matengenezo Beaumont na Port Arthur.

Kwanza toa akilini kwamba kiwanda ni bomba la maji unafunga na kufungua. Kule ndani kuna mitambo ina joto la kuyeyusha risasi, umeme ukikatika ghafla ni hatari, ndio maana wanazima taratibu KABLA kimbunga hakijafika. Kwenye visima vya baharini, Ghuba ya Mexico, nako wafanyakazi wanaondolewa na helikopta visima vinafungwa, Katrina na Ida (2021) zote zilizima zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ghuba ile. Kikipita, visima mara nyingi vinarudi siku chache. Kiwanda ndio shughuli, kinataka umeme, mvuke, maji, wafanyakazi ambao nyumba zao zenyewe zimefurika, halafu unakiwasha hatua kwa hatua, hesabu siku kadhaa mpaka wiki kadhaa, na maji ya chumvi yakiingia kwenye mota na nyaya za umeme ndio kabisa.

2017 ilikuja Harvey. Upepo sio uliotuua, ni mvua, Nederland hapa jirani ilipimwa inchi 60 na ushee kwa siku chache, yaani mita moja na nusu ya maji kutoka mbinguni. Karibu robo ya uwezo wote wa Marekani wa kusafisha mafuta ukazimwa, pamoja na kiwanda cha Port Arthur ambacho ndio kikubwa kuliko vyote nchini. Sasa swali lako la mafuta ghafi. Siku zile bei ya ghafi hapa Marekani ILISHUKA, petroli ikapanda. Watu wakaona ni wizi. Fikiria mahindi yamejaa ghalani halafu mashine ya kusaga imekufa, mahindi nani atanunua? Yanashuka bei, unga unapanda. Petroli ilitoka kama dola 2.40 mpaka 2.68 kwa galoni ndani ya wiki moja, wastani wa nchi nzima. Katrina ilikuwa mbaya zaidi, 2.61 mpaka 3.07, mara ya kwanza Wamarekani kuona tatu.

Na kuna bomba la Colonial, linaanzia hapa Houston mpaka New Jersey, linabeba karibu nusu ya mafuta ya majimbo ya mashariki. Mzigo ndani yake unatembea polepole kama mtu wa miguu, mpaka New York ni siku 18 hivi. Likikosa mzigo au pampu zikikosa umeme, mtu wa Georgia au Carolina ambaye kimbunga kakiona kwenye TV tu naye anakaukiwa. 2008 baada ya Ike, Nashville huko Tennessee sheli nyingi zilikauka kabisa.

Kauzu wa Kijiwe:
Mnazunguka tu. Mafuta yaliyopo kwenye tenki la sheli yalinunuliwa bei ya zamani, kimbunga bado kiko Cuba huko bei tayari imebadilishwa kwenye bango. Huo ni wizi mchana kweupe.

Fundi wa Beaumont:
@Kauzu wa Kijiwe hapo una hoja nusu. Shemeji yangu ana sheli ndogo, mafuta yenyewe yanampa senti chache kwa galoni, faida yake iko kwenye soda na sigara. Akiuza tenki lote kwa bei ya jana, kesho lori likija kwa bei mpya anaongezea hela ya nani? Ila wapo wanaopiga kweli. Gavana akishatangaza hali ya maafa, Texas ni kosa kisheria kulangua mafuta, maji na vitu kama hivyo, unapiga picha ya bango na risiti unapeleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Baada ya Harvey wapo walioburuzwa mahakamani.

Kauzu wa Kijiwe:
Senti chache kila galoni mara galoni ngapi? Haya tuyaache.

Mama Tampa:
Kaka wa Pasadena, wewe angalau una viwanda. Sisi Florida hatuna hata kimoja, mafuta yetu yanakuja kwa meli, mengi yanashukia bandari ya Tampa. Oktoba 2024 Helene haijatimiza wiki mbili tangu ipite, Milton hii hapa. Bandari ikafungwa, meli zikakaa baharini, na watu walishajaza magari, madumu, boti, kila kitu. Nilizunguka sheli sita na mtoto nyuma, ya saba nikakuta pampu moja inatoa, mbele yangu mwanaume anajaza madumu nane. Nane! Baada ya kimbunga jimbo likaweka vituo vya kugawa bure galoni 10 kila mtu, foleni ya masaa.

Na jambo ambalo wageni hawalijui, sheli inaweza kuwa imejaa mafuta chini ya ardhi isiuze hata tone maana pampu inataka umeme. New York 2012 baada ya Sandy ilikuwa hivyohivyo, mpaka wakaanza kupanga kwa namba za magari, leo shufwa kesho witiri.

Kariakoo Kwetu:
Kuhusu bro wako wa Dar. Sisi tunanunua mafuta yaliyokwisha safishwa, na EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, inatangaza bei kikomo mara moja kwa mwezi, Jumatano ya kwanza, kwa hiyo kimbunga cha wiki moja hakitufikii siku hiyohiyo kama huko kwenu. Ila soko ni moja. Baada ya Katrina Marekani ilivuta petroli kutoka Ulaya, na nchi za shirika la nishati la IEA zikakubali kutoa mapipa milioni 60 kutoka akiba zao ndio joto likapungua. Meli zikikimbilia Houston, anayenunua Uarabuni kama sisi naye anaonja kidogo, tena baada ya mwezi au miwili. Kusema ukweli dola ikipanda ndio inatuumiza kuliko kimbunga cha Texas.

Mgeni wa Pasadena:
Aisee nimeelewa, hiyo ya mahindi na mashine ndio imenimaliza, nimemsomea Mkenya kasema "si nilikuambia" wakati hakuniambia chochote. Nimejaza tenki leo. Sasa nataka niweke galoni tano za akiba nyumbani, nina dumu langu la mafuta ya kula, lile la njano, nimeshalisafisha vizuri.

Mama Tampa:
Weeee, usithubutu! Huku petroli ni dumu jekundu la kazi hiyo, la njano ni dizeli, na halikai ndani ya nyumba. Na jenereta usiwashe ndani wala gereji, ile hewa yake haina harufu na inaua watu kila baada ya kimbunga.

Mzee wa I-45:
Kijana kaja na dumu la mafuta ya kula Texas 😂😂

Mgeni wa Pasadena:
Sawa mama, kesho nanunua jekundu. Hili la njano nitalifanyia maji maana nasikia nayo yanakatika.