Kampuni za kuhifadhi tovuti, acheni kutuambia "tumia FTP ya kawaida"!

Wakuu, sitazunguka mbuyu. Nimefungua tiketi kwa kampuni inayohifadhi tovuti ya mteja wangu, nikaeleza kila kitu: nikiunganisha kwa FTPS (yaani FTP, njia ya kupandisha na kushusha mafaili ya tovuti, ikiwa imefungwa kwa usimbaji ili data isisomeke njiani) naingia vizuri, jina linakubaliwa, paswedi inakubaliwa, halafu orodha ya mafaili haitokei. Programu inasubiri weee, mwisho inakata yenyewe. Nikawawekea na logi nzima. Jibu lao ni mstari mmoja: "Zima usimbaji kwenye programu yako, tumia FTP ya kawaida, itakubali."

Itakubali, ndiyo. Hata mlango usio na komeo unafunguka kirahisi.

Kinachoniudhi ni kwamba tatizo hili linajulikana, na chanzo chake kiko kwao. FTP ina njia mbili. Ya kwanza ni ya amri, kwenye poti 21 (poti ni kama mlango wenye namba kwenye seva). Ya pili ni ya data, nayo hufunguliwa upya kila unapoomba orodha ya folda au kupandisha faili. Ukitumia modi ya pasivu, ambayo ndiyo wengi wetu tunatumia, seva inakutajia namba ya poti ya kwenda kuchukulia hiyo data. Kwenye FTP tupu, fayawoli (ukuta wa ulinzi) ya mbele ya seva inasikiliza mazungumzo, inaiona namba na kufungua poti. Kwenye FTPS mazungumzo yamefungwa kwa TLS, ambayo ndiyo usimbaji wenyewe, fayawoli haioni kitu. Kwa hiyo msimamizi wa seva anatakiwa atenge poti kadhaa mapema, aziandike kwenye mipangilio ya seva, kisha aziruhusu kwenye fayawoli. Basi! Hakuna uchawi hapo. Wao hawajafanya, halafu mimi ndiye ninayeambiwa nivue ulinzi.

Na mjue wanachoniambia nifanye. Kwenye FTP tupu programu inatuma amri ya USER na jina lako, inafuata amri ya PASS na paswedi yako, herufi kwa herufi, bila kufichwa. Aliyekaa kwenye wifi moja na wewe akiwa na Wireshark, programu ya kunasa data inayopita mtandaoni, au yeyote aliye njiani kati yako na seva, anaisoma kama anavyosoma gazeti. Paswedi yenyewe sasa! Kwenye paneli nyingi za kusimamia tovuti akaunti kuu ya FTP ndiyo hiyo hiyo inayofungua paneli: barua pepe, hifadhidata, rekodi za domeni, vyote. Na hata ukitumia akaunti ndogo, akishaingia kwenye folda ya tovuti ya WordPress anafungua faili la mipangilio, wp-config.php, anakuta paswedi ya hifadhidata imeandikwa wazi. Siku tovuti ikianza kuwapeleka watu kwenye kurasa za kamari, mteja hatawapigia hao wa huduma kwa wateja. Atanipigia mimi.

FTP ilianza 1971, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na vituo vya utafiti vichache. Maelezo rasmi ambayo bado yanatumika kama msingi, RFC 959, ni ya 1985. Kwa wakati wake ilikuwa kazi nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini mwaka 1995 Tatu Ylönen kule Ufini alishaandika SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa muunganisho uliosimbwa, na alichochewa na wizi wa paswedi kwenye mtandao wa chuo chake. Juu ya SSH ndipo tukapata SFTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili: poti moja tu, 22, amri na data zote ndani ya muunganisho mmoja uliofungwa. Hakuna habari ya kutenga poti, hakuna orodha inayogoma kutokea. FTPS nayo ilipata maelezo yake rasmi mwaka 2005. Chrome na Firefox ziliondoa FTP kabisa mwaka 2021. Mtu unabaki unajiuliza hawa wenzetu wanasubiri nini.

Nilipouliza SFTP, nikaambiwa ipo, ila kwenye kifurushi cha juu. Yaani usalama wa kawaida kabisa wa mtu kuingia kwenye faili zake mwenyewe umegeuzwa bidhaa ya ziada! OpenSSH ni programu huria ya bure, na kwenye seva za Linux kwa kawaida tayari ipo. Wanachouza hapo ni ruhusa tu.

Suala la pili, maana nikikaa nalo nitapasuka. Hii biashara ya kupandisha faili mojamoja juu ya tovuti iliyo hewani. Kwa kawaida seva ya FTP ikipokea amri ya kuandika juu ya faili la zamani, inalifuta lile la zamani papo hapo na kuanza kuandika jipya. Mtandao ukikata katikati, unapata kosa namba 426, na kwenye seva linabaki nusu faili. Nimeona functions.php, faili la msimbo wa tovuti, imeishia katikati ya mabano, tovuti nzima nyeupe, au dirisha la programu linaonyesha faili lina baiti sifuri. rsync, programu ya kunakili mafaili ambayo ipo tangu 1996, inaandika kwanza kwenye faili la muda, likikamilika ndipo inabadilisha jina. Mgeni wa tovuti haoni nusu faili hata siku moja. Ila rsync ya salama inapita kwenye SSH, na SSH, kama mlivyosikia, iko kwenye kifurushi cha juu.

Ukiwa na folda yenye maelfu ya vifaili vidogo ndiyo usiseme. Kila kimoja kinafunguliwa njia yake mpya ya data, na muda mwingi unaishia kwenye kupiga hodi kuliko kusafirisha.

Na yule wa huduma kwa wateja aliyewahi kuniambia niweke ruhusa 777 (yaani kila mtumiaji wa seva anaweza kusoma na kuandika) kwenye folda ili plagini ikubali, naye asome hapa. 755 kwa folda na 644 kwa faili, ambapo mmiliki pekee ndiye anayeandika, zinatosha kwenye tovuti nyingi. Ikigoma, angalieni faili zinamilikiwa na mtumiaji gani kwenye seva, msitufungulie kila mtu aandike.

Mteja nimeshamwambia tuhame na amekubali. Tovuti yenyewe hainisumbui. Kinachonipa kazi ni barua pepe: masanduku ni mengi, yako kwenye seva hiyo hiyo, na watu wanayatumia kutwa. Aliyewahi kuhamisha kwa IMAP (njia ya kusoma na kunakili barua zilizo kwenye seva) bila ujumbe kupotea wakati rekodi za MX (zinazoelekeza barua za domeni ziende seva gani) zinabadilika aniambie alianza na kipi, na TTL (muda ambao rekodi ya zamani inakumbukwa mtandaoni) aliishusha mapema kiasi gani.