Nimetoka jela, natafuta chumba Mbagala au Chamazi. Barua ya serikali ya mtaa naipata wapi?

Njia Panda (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na tafadhali msinitukane, hali niliyonayo inanitosha.

Nilihukumiwa Machi 2023, nimetoka Machi 2025. Kwa sasa nimejibanza kwa dada yangu Mbagala Kizuiani. Yeye, mumewe na watoto wanaishi vyumba viwili, mimi nalala sebuleni. Shemeji hajanitamkia neno, ila akirudi usiku anawasha taa, anakaa kwenye kochi pale pale kichwani kwangu, anaangalia mpira mpaka uishe. Nimeelewa. Nina kibarua cha kupakua mizigo sokoni, kodi naweza kulipa.

Tatizo ni kwamba kila mwenye nyumba anataka barua ya serikali ya mtaa nilikotoka, pamoja na mdhamini. Nilikotoka wananijua vizuri. Nikisema ukweli, chumba "kimeshapata mtu". Nikinyamaza, naogopa watajua nikiwa nimeshahamia. Nifanyeje?

kichwa_maji
Ulifungwa kwa kosa gani?

Ufuta wa Kusini
Dogo, Dar unang'ang'ania nini? Rudi nyumbani ukalime. Mimi niliacha kazi ya ulinzi Kariakoo nikaenda Lindi kulima ufuta. Unapeleka mzigo ghalani, mnada unafanyika, hela inaingia kwenye akaunti. Nimejenga kwa ufuta huo huo. Vijana hamtaki jembe.

Mama Wapangaji
Kijijini ndiko watu wanajua mpaka babu yako aliiba mbuzi wa nani, Ufuta. Tumjibu kijana alichouliza.

Mwanangu, mimi nina nyumba ya vyumba sita Chanika na barua ninaidai. Usiku mmoja askari walikuja kumtafuta mpangaji wangu, mjumbe akaniuliza mbele yao huyu mtu jina lake nani na katokea wapi. Sikuwa na jibu. Nilikesha kituoni natoa maelezo, na mlango wangu umevunjwa. Tangu siku hiyo hakuna barua, hakuna chumba. Ila kosa na kosa havilingani. Aliyegombana kilabuni akamuumiza mwenzake, nitamsikiliza. Aliyekuwa anavunja nyumba za watu, hapana, nina watoto wa kike. Kwa hiyo kichwa_maji kakuuliza swali la maana, mjibu.

Njia Panda
Ahsante mama. Kosa lenyewe halihusiani na nyumba. Ni mambo ya fedha tu na adhabu nimeshaimaliza. Naomba tujadili barua.

Mtumishi wa Bwana
Kijana, kabla ya chumba tafuta toba. Tafuta kanisa au msikiti ulio karibu, watu wa ibada ndio watakaokudhamini. Mimi binafsi nilikuwa mlevi wa kupindukia, leo naongoza kwaya.

kichwa_maji
"Mambo ya fedha tu" ya benki, au ya mfukoni mwa mtu kama mimi? Mbona unazunguka mbuyu?

Kirikuu Mwekundu
Mimi naona tatizo ni wenye nyumba. Miezi sita kwa mkupuo, mwezi mmoja wa dalali, bado hela ya kuoneshwa chumba. Chumba cha elfu 80 kinakutoa laki tano na sitini kabla hujanunua hata pazia. Mtu aliyetoka jela ataitoa wapi?

Njia Panda
Sawa wakuu, nasema. Nilikuwa dalali wa vyumba, maeneo ya Sinza na Mwananyamala. Kulikuwa na chumba kimoja Mwananyamala, nikapokea kodi kwa watu wanne. Nilikuwa nadaiwa, nikadhani nitazungusha hela na kumpatia kila mmoja chumba chake kabla ya tarehe mosi. Haikuwa hivyo. Nikashtakiwa kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, nikala miaka mitatu.

Ndiyo maana siwezi kupita kwa madalali. Picha yangu bado inazunguka kwenye magrupu yao ya WhatsApp, nimevaa shati la bluu, juu yake wameandika TAPELI kwa herufi nyekundu. Juzi nilikwenda kuona chumba Rangi Tatu, dalali akaitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama simu tena. Nikaondoka mwenyewe.

Kirikuu Mwekundu
Kumbe. Nilikuwa nakutetea.

Sikiliza bwana. Mwaka 2019 nilihama kwenda Mabibo. Nimekodi kirikuu, godoro juu, mtungi wa gesi nimeupakata, mke wangu mjamzito kakaa mbele na dereva. Tunafika, mlango uko wazi, kuna kijana juu ya kiti anapigilia misumari ya pazia. Ananiuliza, "Karibu kaka, unamtafuta nani?" Naye alikuwa amelipa. Wakati bado tunabishana ikaingia bajaji na mama mwenye masufuria, naye amelipa. Dereva wa kirikuu akaanza kudai hela ya kusubiri. Usiku ule mke wangu alilala kwa jirani ambaye hata hatukumjua, mimi nikalala nje nalinda godoro. Halafu wewe unasema kosa halihusiani na nyumba?

Njia Panda
Pole sana kaka. Huyo hakuwa mimi, Mabibo sikuwahi kufanya kazi. Lakini pole.

Kwa kuwa mmeshajua, nimalizie. Kuna chumba Chamazi, elfu 60, mama mwenye nyumba amekubali miezi mitatu. Binamu yangu yuko tayari mkataba uandikwe kwa jina lake na namba yake ya NIDA, barua atatoa kwenye mtaa wake. Mimi nitakaa tu. Elfu hamsini ya kushikilia nimeshatoa. Sioni kama namdhulumu mtu, kodi italipwa kwa wakati, na anachotaka mwenye nyumba ni hela yake.

Mama Wapangaji
Na wale wanne uliwaambia hivyo hivyo, kwamba wanachotaka ni chumba na watakipata?

Wakili wa Mchana
Binamu yako anajua anachojiingiza? Ukishindwa kodi anadaiwa yeye. Ukifanya fujo anaitwa yeye. Na kujitambulisha kwa jina au kitambulisho cha mtu mwingine ili upate kitu kunaweza kukurudisha mahakamani. Hakimu akishakutia hatiani, kabla ya adhabu upande wa mashtaka huulizwa kama una makosa ya nyuma. La kwako ni udanganyifu. Sidhani kama atakaa kusikiliza habari za sebule ya shemeji.

Njia Panda
Mkuu, wangapi mjini hapa wanaishi kwenye nyumba zilizoandikwa jina la mtu mwingine? Mbona wao hamuwasemi? Mnataka nilale wapi?

Mpelelezi wa Mtaa
Wakuu, mnapigwa chai na mnaongeza sukari. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Kahukumiwa miaka mitatu, kaingia 2023, kaonekana mtaani 2025, hiyo hesabu ya wapi? Mara picha, mara binamu, mara elfu hamsini. Subirini ukurasa wa pili, ataweka namba ya kuchangiwa. Hakuna cha mfungwa hapo.

kichwa_maji
Hata mimi nilishtuka. Dalali aliyetapeli vyumba anakosa chumba? Imekaa kama tamthilia.

Sajini Mstaafu
Mpelelezi, hesabu iko sawa. Mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Miaka mitatu inakuwa miwili. Nimefanya kazi hiyo mpaka nikastaafu.

Kijana, nikuulize mimi. Mkihesabiwa mlikuwa mnakaaje, na aliyekuwa anawasimamia ndani ya selo mlimwitaje?

Njia Panda
Tunachuchumaa, afande. Tulikuwa na nyapara, mzee mmoja wa Kigoma. Karatasi yangu ya kuachiliwa ninayo, ila siiweki hapa. Na sijaomba mchango wa mtu.

Sajini Mstaafu
Basi. Karatasi hiyo itunze, usiione kama aibu. Inaonesha hukutoroka, umeachiwa kihalali.

Mpelelezi wa Mtaa
Hata mimi najua wanachuchumaa na sijawahi kufungwa. Nabaki na msimamo wangu.

Dada wa Ofisi ya Mtaa
Ya chai muendelee nayo, kuna wengine wanasoma huu uzi wana shida hiyo hiyo. Mimi niko ofisi ya mtaa, Temeke.

Kwanza, mtu aliyemaliza kifungo haruhusiwi kupanga? Sheria ya namna hiyo hakuna. Pili, barua unaitafuta mahali pasipo sahihi. Wewe huishi tena kule ulikotoka, unaishi Kizuiani. Nenda na dada yako kwa mjumbe wa hapo, akutambue kuwa mgeni wa nyumba ile, kisha mje kwa mtendaji mkiwa na vitambulisho. Barua inathibitisha unakoishi. Anayetoa hati ya rekodi za makosa ni polisi, kwa alama za vidole, na mimi sijaona mwenye nyumba wa chumba cha elfu 60 akiidai. Ila usije ukadhani huku umefichika. Wajumbe wanapigiana simu kuliko unavyofikiri.

Mama Wapangaji
Umesikia? Sasa nikwambie ambacho mimi kingenilainisha. Uje na dada yako, mbele yake uniambie ulichofanya, usisubiri nikuulize mara tatu kama ulivyotufanya hapa. Mkataba jina lako, dada awe mdhamini, miezi mitatu mitatu. Huenda ningekupa. Nikija kusikia kwa jirani, vyombo vyako utavikuta nje kabla jua halijazama, na sitakuwa na roho ya kukusikiliza.

Njia Panda
Mama, nimeshasema ukweli kwenye nyumba tatu nne, wote walinifukuza. Na hiyo elfu hamsini nitaidai vipi? Ameiandika kwenye daftari lake kwa jina la binamu.

Wakili wa Mchana
Nenda na binamu kabla hamjasaini chochote. Aseme mpangaji ni wewe. Mwenye nyumba akikataa, binamu ndiye aombe hela irudishwe, maana jina lililoandikwa ni lake. Mkishasaini, itakuwa shughuli nyingine.

Kirikuu Mwekundu
Swali langu moja. Wale wanne, umewalipa?

Njia Panda
Mmoja nimeanza kumlipa, namtumia elfu ishirini kila nikipata. Wa pili nimempata, hataki kusikia sauti yangu. Wengine namba zao hazipatikani. Ndiyo maana miezi sita siwezi, kaka. Sikutaka kuliandika hilo hapa.

Kirikuu Mwekundu
Mimi naishi Mbande. Nyumba ninayopanga kuna chumba kitaachwa wazi mwisho wa mwezi, elfu 50, umeme mnachangia. Baba mwenye nyumba ni mtu wa kuongea naye. Nitamwambia, lakini nitamwambia yote, pamoja na ile ya watu wanne, kabla wewe hujakanyaga pale. Ukikubali hivyo, nitumie ujumbe.

Njia Panda
Mwambie. Ila naomba asiwaambie wapangaji wengine.

Kirikuu Mwekundu
Hilo utamwomba mwenyewe. Njoo na dada yako.