Faibroidi zimetoka kwenye kizazi zimejaa tumboni, hii imekaaje?

binti_wa_pili: Wakuu habari za saa hizi. Dada yangu ana miaka 38, 2018 alitolewa faibroidi (uvimbe wa kizazi usio kansa) kwa ule upasuaji wa matundu wa kamera, siku mbili tu yuko nyumbani tukashangilia kweli. Sasa mwaka huu tumbo likaanza kujaa, siti skani ikaonyesha vinyama kibao huku na huku mpaka juu ya utumbo, tukaambiwa inafanana na kansa iliyosambaa, basi nyumbani watu wakaanza kulia kama msiba. Wakakata kipande cha kinyama kimoja kikaenda maabara, majibu ya juzi yanasema leiomayoma, si kansa. Yaani faibroidi zilezile. Sasa zimefikaje kwenye utumbo?? Mama hataki kabisa kuamini, anasema maabara wamechanganya majibu.

Mzee wa Kona: Ndo mambo ya kuchezea visu hayo, aje nimpe mizizi

nesi_zamu_ya_usiku: Mkuu mizizi yako kaa nayo. Binti pole sana, lakini inatokea japo ni nadra. Kwenye upasuaji wa matundu uvimbe mkubwa haupiti, kwa hiyo kuna kimashine cha kuukatakata vipande vidogo, kipande kikidondoka humo ndani kinashika kwenye utando wa tumbo kinajitafutia damu na kuota upya. 2014 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa onyo juu ya hivyo vimashine, ingawa hofu yao kubwa ilikuwa kusambaza kansa iliyojificha ndani ya uvimbe. Siku hizi wanaotumia wanatakiwa kukatia ndani ya mfuko maalum. Ila wapo wanaopata bila hata kupasuliwa, homoni zinahusika sana hapo.

MamaMapacha: Mimi hizo faibroidi za tumboni waliziona wakati wa opareshni ya kujifungua 😅 daktari akanyamaza ghafla nikajua nimekwisha, kumbe ndo hizo. Wakachukua kipande wakapima, nyingine wakaziacha, nilipomaliza kunyonyesha nikapigwa ultrasaundi zimesinyaa zenyewe.

binti_wa_pili: Asanteni jamani. Dada anameza vidonge vya majira mwaka wa tatu sasa, vina shida? Na lazima apasuliwe tena?

nesi_zamu_ya_usiku: Amwambie daktari wake kuhusu hivyo vidonge mapema, maana vina homoni za kike, na hizo homoni, estrojeni na projesteroni, ndo chakula cha hizi nyama. Kupasuliwa inategemea, zikibana utumbo au zikiuma watatoa, wengine wanapewa sindano za kuzima ovari kwa muda zisinyae. Na aendelee kupimwa maana ni mara chache sana ila zipo zilizowahi kugeuka kansa. Halafu msibishane na mama, ombeni vile vioo vya maabara vyenye kipande cha kinyama mpeleke kwa daktari mwingine wa patholojia, yule anayesoma vinyama kwa darubini, asome upya, ni haki yenu. Na ombeni ripoti ya opareshni ya 2018 muone kama kile kimashine kilitumika.

binti_wa_pili: Ripoti anayo mama kwenye begi lake la vyeti, kesho naenda kuipekua